Mheshimiwa Waziri, mtambo utangulie mchaichai

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa, mbukwenyi.

Mimi ni mkulima wa Chamwino, ekari nne za mtama na alizeti, na kunde kidogo za mboga. Mvua zetu unazijua, maana nawe sasa ni mwenyeji wa huku: milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zinaanza Desemba na kuaga Aprili. Februari zikiamua kukata, zinakata.

Tunashauriwa kuchanganya mimea ya harufu na mazao ya chakula ili shamba lilipe mara mbili. Sipingi, nimejaribu. Misimu mitatu iliyopita mnunuzi mmoja alituletea miche ya mchaichai, akasema tuichomeke kati ya mistari ya mtama, yeye atarudi kununua majani. Hakurudi. Na mchaichai ule uligombea maji na mtama hadi masuke yakatoka ya kutia huruma.

Sikuutupa. Niliuhamishia kwenye makingamaji, yale matuta ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo, na huko umetulia. Mizizi inashika udongo, na mbuzi wa jirani, ambao mavuno yakiisha huingia kila shamba, wanaunusa na kupita. Kivumbasi kilichojiotea pembezoni mwa alizeti nimekiacha pia. Nyuki wanakifuata, na alizeti isiyotembelewa na nyuki haijazi punje vizuri.

Kwa hiyo shambani mambo yanaenda. Kazi inakwama baada ya kukata. Tani nzima ya majani mabichi hutoa kilo chache tu za mafuta ya harufu, tatu, pengine tano. Nani atapakia Fuso la majani hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kidumu kimoja? Majani hukamuliwa karibu na yalipokatwa. Yangu nachemshia chai, na nyumba yangu haina watu wa kunywa makingamaji yote.

Ombi langu ni mtambo mmoja wa kukamulia kwa mvuke, katika kata moja ya majaribio, chini ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Lakini usije wa kula kuni. Miti yetu imekwisha kwa mkaa, na mtambo wa kuni utamaliza iliyobaki. Makapi ya mchaichai yakikaushwa yanawaka, basi tanuri liundwe kwa ajili hiyo. Maji ya kupozea nayo yarudi kwenye tangi. Huku watu wanaamkia foleni ya ndoo kisimani, hawatakubali kuona maji yakimwagwa ili mafuta yapatikane.

Kuhusu kuuza, lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, imetufundisha. Mafuta yapimwe uzito na ubora mbele yetu, kisha yaende mnadani kama ufuta.

TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, ni jirani zetu. Watupandie shamba darasa, mtama wa sentimita 75 kati ya mistari kama kawaida, mchaichai sehemu moja ukae katikati na nyingine kwenye makingamaji, tulinganishe magunia kwa macho yetu. Waanze na hilo, semina zifuate.

Miche yangu sasa imetanuka, shina moja linagawanyika mara nyingi. Nipo tayari kuigawa bure kwa majirani Desemba hii. Wameshaniuliza swali moja tu, na nimewaahidi kukufikishia: mtambo unakuja lini?

Wako,
Mkulima wa Chamwino