Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Taasisi ya Elimu: Mashimo ya Mfalme Sulemani yasifichwe

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Ninayo nakala kuukuu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani niliyorithi kwa marehemu baba. Jalada limeng'oka, kurasa zimeliwa na mende pembeni, lakini hadithi bado tamu. Utamu huo ndio ulionishikisha kalamu.

Wa rika langu hawahitaji kusimuliwa. Wazungu watatu, Allan Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, wanavuka jangwa na milima wakimtafuta ndugu aliyepotea, na almasi pia. H. Rider Haggard aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1885. Aliwahi kutumikia serikali ya kikoloni kule Natal, Afrika Kusini, na mwaka 1877 alishiriki kupandisha bendera ya Uingereza Pretoria. Frederick Johnson akaifasiri, tafsiri ikatoka mwaka 1929. Mwaka uliofuata Johnson huyo akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Yaani aliyesimamia kusanifishwa kwa lugha yetu ndiye aliyemkaribisha Quatermain barazani kwetu.

Hapo ndipo penye shida yangu. Ukiisoma kwa Kiingereza, huwezi kusahau kwamba anayesema "mimi" ni Quatermain, mwindaji wa Kizungu. Kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, yule "mimi" anasimulia kama babu yako jioni. Nilipoisoma nikiwa darasa la sita nilipanda milima pamoja naye. Wakukuana, wenyeji wa nchi ile ya hadithini, walipoduwaa kwa miguu myeupe ya Good na meno yake ya bandia, wakasadiki kwamba wageni wameshuka kutoka nyotani, nilicheka mpaka machozi. Sikujua ninamcheka nani. Mwalimu wetu naye alicheka, kisha akatupa zoezi la methali.

Miaka mingi baadaye nikaanza kuhesabu maiti. Khiva, mtumishi wao, anakufa akimwokoa Good na tembo. Ventvögel, mtumishi mwingine, anakufa kwa baridi pangoni. Foulata, binti wa Kikukuana anayempenda Good, anachomwa kisu na kizee mchawi Gagool, na kabla ya kukata roho anasema anafurahi kufa, kwa sababu jua haliwezi kuoana na giza, wala mweupe na mweusi. Binti anaondolewa njiani ili Good asije akalazimika kuamua, na hukumu ya kumkataa anatiwa kinywani yeye mwenyewe! Wazungu wote watatu wanarudi salama, na almasi wanazo.

Simwonei Haggard. Umbopa wake, mtumishi anayegunduliwa kuwa mfalme halali wa Wakukuana, anasema na Curtis kama mwanamume na mwanamume mwenzake, na akishapata ufalme anaapa kwamba wafanyabiashara wa bunduki na pombe hawatakanyaga nchi yake. Mwandishi aliuona utu wa Mwafrika. Ila aliona na bado akatuandikia Foulata.

Lipo pia suala la barabara. Wakukuana wanaishi kando ya barabara kuu ya mawe, na hakuna kati yao ajuaye aliyeijenga. Wasomi ni wageni, nao wanakisia Wafoinike. Ndiyo yaliyosemwa kuhusu Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa mawe katika nchi ya Zimbabwe ya leo, tangu Mjerumani Carl Mauch alipofika mwaka 1871 akafikiri ameona jumba la Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alishaonyesha mwaka 1905 kwamba waliojenga ni Waafrika. Mwaka 1929, mwaka ule ule wa tafsiri yetu, mwanaakiolojia mwenzake Gertrude Caton-Thompson akachimba na kulithibitisha. Watawala wa Rhodesia, jina la Zimbabwe enzi za wakoloni, hawakutaka kusikia hata baada ya hapo. Na kwenye magofu hayo imepatikana sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Suleiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Kama yupo Suleimani anayehusika na utajiri wa mahali pale, basi ni baba wa sultani wa kwetu.

Ninachoomba ni hiki. Tafsiri hizi za enzi ya Mwingereza ziingizwe katika vitabu vya ziada vya Kidato cha Tano na cha Sita, zikiwa na kiongozi cha mwalimu kinachosema wazi nani anasimulia, nani anakufa na kwa faida ya nani. Sura ya Foulata isomwe darasani kwa sauti, kisha wanafunzi waiandike upya, yeye akiwa msimulizi. Mwalimu wa Historia aalikwe na picha za Zimbabwe Kuu na za Kilwa Kisiwani. Na tusiishie kwa Haggard: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kiwekwe mezani vilevile, maana mle anayemsifu Mwingereza kuwa mkombozi ni Mwafrika, na hilo ni gumu zaidi kulizungumza.

Wapo wenzangu wanaotaka vitabu hivi vichomwe. Nawaelewa. Lakini kikichomwa, mjukuu wangu atakutana na Quatermain yule yule kwenye filamu, bila mwalimu pembeni.

Wataalamu wako wakikosa nakala, hii ya baba nitawaazima. Naomba tu irudi.

Wako katika ualimu,
Mwalimu mstaafu