RISALA YA KIKUNDI CHA WAHIFADHI MIKOKO KWA MGENI RASMI, SIKU YA MIKOKO DUNIANI, 26 JULAI

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Tunakushukuru kwa kufika, na kwa kufika maji yakiwa yamekupwa, maana jambo letu huonekana vizuri saa hizi.

Kikundi kilianzishwa na wavuvi na wauza kaa walioona riziki inapungua. Kina katiba, akaunti ya benki na mhuri.

Mafanikio yetu ni makubwa na ya kihistoria. Tuna kitalu chenye kivuli cha makuti, mizinga ya nyuki kwenye michu, ambayo ni aina mojawapo ya miti ya mikoko, na vyeti vya ushiriki vilivyojaza ukuta mzima wa ofisi. Kila mwanachama anajua kwamba katika jamii ya mikoko, mlilana hukaa mbele baharini, mkoko wenyewe katikati na mkandaa nchi ya juu. Kwamba mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini, hukaguliwa isiwe na tundu la mdudu, kisha huzikwa theluthi yake tu topeni.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba sasa ugeuke utazame tuta la barabara lililo nyuma yako.

Tuta hilo limekata hori, yaani mkono wa bahari unaoingia humu. Maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huvuka juu yake, kisha yanakosa pa kutokea. Bondeni yanatuama na kufunika mizizi ya kupumulia ya michu, na mti uliokosa hewa hufa umesimama. Kwenye miinuko jua hukausha maji na kuacha chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Pasipo na maji ya kuja kuisafisha, hujilimbikiza mpaka hata mchu, unaotoa chumvi kupitia majani, unashindwa. Kaa wakihama, mashimo yao yaliyoingiza hewa topeni huziba. Kamba nao hutaga baharini, lakini watoto wao hukulia humu.

Waheshimiwa waliokutangulia walituelewa haraka sana. Mmoja aliahidi makalavati, yaani mabomba ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara, kabla ya masika. Hakutaja ya mwaka gani. Mwingine alisema suala liko mezani, nasi hatuna shaka kwamba meza hiyo ni imara. Wakati huohuo tumeletewa miche kwa ukarimu mkubwa, ikapandwa mbele ya kamera upande wa ndani, ikafa kwa sababu ileile iliyoua miti mikubwa.

Ombi letu ni moja: vipande 21 vya kalavati vyenye kipenyo cha sentimita 90. Tuta lina upana wa mita 6 kwenye kitako na kipande ni mita 1, hivyo kila mstari unahitaji 7 ili mdomo utokeze. Mistari ni mitatu kwa kuwa vijito vilivyokatwa ni vitatu. Tunasisitiza ikae palepale, hata kama fundi ataona kwingine ni rahisi. Maji yote yakibanwa kwenye tundu moja hukimbia kwa kasi na kuchimbua tuta. Sakafu ya kalavati ilingane na sakafu ya kijito; likiinuliwa, maji ya chini yanabaki ndani na tumerudi kwenye bwawa. Zege liwe nene, kwani chumvi ikiifikia nondo, kutu huivimbisha na kupasua kalavati. Kazi ifanyike wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana. Kuchimba na kusomba mawe ya kuta za midomoni ni juu yetu.

Miche hatuombi. Maji yakirudi, mbegu za miti iliyobaki upande wa bahari zitaelea zenyewe hadi ndani. Baada ya msimu mmoja wa mbegu tutapanda palipobaki wazi tu.

Ratiba inaonyesha kuwa baada ya risala utapanda mti. Tumeuhamishia upande wa bahari, ambako utaishi. Kabla ya kuondoka, tunakuomba kwa heshima zote utaje tarehe ya makalavati. Katibu yuko tayari na daftari la ahadi, na ukurasa wa waliokutangulia bado una nafasi.

Tunaomba kuwasilisha.