Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi za Karatasi za Robo Saa

Wanachama wenzangu,

Tulipokutana mwaka jana hapa Kisumu, karibu kila aliyesimama alitoa kilio kimoja: kazi anaipenda, muda hana. Mmoja hufunga kibanda chake Kibuye giza likiwa limeingia, mwingine hubeba madaftari ya kusahihisha nyumbani, mwingine ananyonyesha. Albamu na maboksi makubwa tuliyoanza yalibaki nusu yakila vumbi juu ya kabati. Ndipo kamati ikaamua kwamba mwaka huu tufanye kazi ndogo tu, za kuanza na kumaliza kwa kikao kimoja. Naona tulifanya vyema.

Iliyopendwa zaidi ni kijitabu cha kurasa nane. Kinataka karatasi moja ya A4, bila gundi wala uzi. Unaikunja nusu mara tatu hadi ipate vyumba vinane, kisha unaikunjua. Unakutanisha zile pande mbili fupi, halafu unakata kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo, kufuata mstari wa kati, hadi penye makutano ya mistari. Ukikunjua utaona mpasuo katikati. Ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zisogeleane, na mpasuo unafunguka kama mdomo wa kifaranga. Kurasa zinajipanga zenyewe. Kila ukurasa ni milimita 74 kwa 105, saizi ya mfuko wa shati. Mwanachama mmoja alitengeneza chake ndani ya matatu pale Ahero, akingoja ijae. Kufika mjini alikuwa ameshaandika ndani manunuzi ya wiki nzima.

Shanga za karatasi nazo zilikwenda vizuri, ila si msimu wote. Tulikata kalenda kuukuu pembetatu nyembamba, kitako sentimita 2, tukaviringisha kwenye kijiti cha meno tukianzia upande mpana, tukamalizia kwa tone la gundi. Kuviringisha ni dakika mbili. Varnishi ndiyo haiharakishwi: mwezi wa Aprili, mvua ikiwa haikatiki na hewa ya ziwa imejaa unyevu, shanga tulizopanga sinia moja zilinatana zote, ikabidi tuzitupe. Siku hizi tunazichomeka vijiti vyake kwenye kipande cha sponji, kila moja isimame peke yake.

Kuna jambo moja ambalo lawama yake ni yangu. Nilikubali oda ya kadi za harusi zikiwa zimebaki siku chache, na kwa haraka sikukagua manila tuliyonunua. Tulikunja, na kila mkunjo ukapasuka rangi, weupe ukaonekana kama jeraha. Bibi harusi alizipokea kwa upole, lakini mimi sikulala. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zinazolala upande mmoja. Ukikunja kwa kufuata nyuzi mkunjo unakuwa laini, ukizikatiza, manila nzito inavunjika. Kuzijua ni rahisi: pinda karatasi kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Upande unaokubali bila kushindana nawe ndio wa nyuzi. Halafu pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula kabla ya kukunja. Ni sekunde 10 tu, na naomba asiwepo wa kuziruka, hata mgeni akiwa mlangoni.

Nilichojifunza mwaka huu ni kwamba muda wetu haupotelei kwenye kukunja wala kubandika. Unapotea tukitafuta mkasi, tukipima, tukichagua rangi. Kwa hiyo napendekeza Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi iwe ya kukata tu. Kila mtu aondoke na bahasha ya kaki yenye vipande tayari vya kazi nne, ili jioni akipata robo saa, mikono ianze mara moja.

Wenye vibanda bado wanatuulizia vifuko vya kaki, kama walivyofanya tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Agosti 2017. Tutaanza na vile vidogo vya njugu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Rula ya chuma iliyoazimwa Juni irudishwe, tafadhali. Na mwenye kalenda ya mwaka unaoisha asiitupe. Ailete kikao cha Januari.

Mwenyekiti