TC-48 si fumbo la Pembetatu ya Bermuda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu ndege zilizopotea zisionekane tena, ambamo ndege ya Jeshi la Anga la Argentina yenye namba TC-48, iliyopotea karibu na Costa Rica mwaka 1965, ilitiwa kundi moja na habari za Pembetatu ya Bermuda, eneo la bahari linalovumishwa kuwa humeza ndege na meli, na kuitwa fumbo lisilo na maelezo. Nimekuwa fundi wa ndege kwa miaka mingi, zikiwamo ndege za pangaboi za kizazi hicho, na nimeona si haki kulinyamazia jambo hilo. Pembetatu hiyo huchorwa kati ya Florida, Bermuda na Puerto Rico, na Costa Rica iko mbali nayo, upande wa pili wa Bahari ya Karibi. Hata hivyo, kinachoniuma zaidi ni kuona watu 68 wakigeuzwa hadithi ya kutisha, ilhali sehemu kubwa ya yaliyowapata inajulikana na inaelezeka.

TC-48 ilikuwa C-54, yaani DC-4 iliyotengenezwa kwa matumizi ya jeshi, yenye injini nne za pistoni. Iliwabeba wanafunzi wa chuo cha urubani wa kijeshi cha Córdoba, vijana waliokuwa karibu kuhitimu, katika safari yao ya mwisho ya mafunzo kuelekea Marekani. Asubuhi ya tarehe 3 Novemba 1965 iliruka kutoka uwanja wa Howard, katika Ukanda wa Mfereji wa Panama, kwenda El Salvador, ikiwa msafara mmoja na ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, TC-43, ambayo ilifika salama. Muda si mrefu baada ya kuruka, ikiwa upande wa Bocas del Toro, pwani ya Panama karibu na mpaka wa Costa Rica, marubani wa TC-48 walitangaza kwa redio kwamba injini inawaka moto na kwamba wanaelekea Puerto Limón, mji wa bandari wa Costa Rica. Hawakusikika tena. Ndege ambayo marubani wake wametaja tatizo lao na uwanja wanaoukimbilia haiwezi kusemwa kuwa imetoweka bila sababu.

Wasomaji waliozoea ndege za jeti huenda wasijue moto wa injini ya pistoni una maana gani. Injini moja ya DC-4 ina silinda 14, mafuta ya kulainisha yanayozunguka yakiwa ya moto mkali, na petroli inayotoka kwenye matangi yaliyo ndani ya bawa lile lile linaloibeba injini hiyo. Rubani hukata petroli, huzigeuza panga ili makali yake yaelekee upepo zisiburute ndege, kisha hufungulia chupa za gesi ya kuzimia moto. Moto ukizimika, DC-4 inaweza kuendelea na safari kwa injini tatu zilizobaki. Usipozimika, chuma kikuu cha bawa huanza kulegea, na muda uliobaki huhesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo kuchagua Limón, uwanja ulio pwani kabisa, kulikuwa uamuzi wa watu waliojua kazi yao.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Nyuma ya pwani hiyo kuna safu ya milima ya Talamanca, inayotoka Costa Rica hadi ndani ya Panama, na kilele chake kirefu zaidi, Chirripó, kina mita 3,820. DC-4 haikuwa na chumba kinachohifadhi shinikizo la hewa, kwa hiyo kwa kawaida haikupanda sana kuzidi mita 3,000 au hivi ikiwa na watu wasiovaa oksijeni. Maana yake ni kwamba marubani wa wakati ule, waliporuka juu ya nchi za Amerika ya Kati, walikuwa mara nyingi chini ya vilele, si juu yake. Walipita mabondeni au walifuata pwani. San José, mji mkuu, umo ndani ya bonde lililozungukwa na milima, zikiwamo volkano, Irazú ikiwa na mita 3,432 na Turrialba zaidi ya mita 3,300. Milima ya Talamanca hupokea unyevu wote unaoletwa na upepo kutoka Karibi, na mawingu huifunika kwa siku nyingi za mwaka. Rubani aliongozwa na saa yake, dira, na vituo vichache vya redio ambavyo mawimbi yake huvurugwa na milima na radi. Chombo cha kumwonya rubani kwamba ardhi inamkaribia kilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na Marekani ilikilazimisha katika ndege za abiria katikati ya miaka ya 1970. Ndiyo maana ndege nyingi za pangaboi katika nchi hizo ziligonga milima zikiwa nzima na zikiongozwa vizuri, na mwaka 1960 mataifa ya eneo hilo yaliunda COCESNA, shirika la pamoja la kuongoza ndege lenye makao yake Tegucigalpa.

Swali ambalo kweli halijajibiwa ni moja tu, nalo ni mahali. Waliotafuta waliokota baharini makoti ya kujiokolea na vitu vingine vya waliokuwamo, na Jeshi la Anga la Argentina likashika kwamba ndege iliangukia majini. Familia nyingi hazikukubali. Zilizingatia habari za watu wa upande wa Limón waliosema waliisikia ndege ikielekea milimani, na wazazi wenyewe waliondoka Argentina wakaenda kupenya msitu wa Talamanca. Safari za namna hiyo zimerudiwa na ndugu zao hadi karne hii.

Mimi siwezi kuwahukumu. Makoti ni ushahidi mzito, na kama ningelazimishwa kuchagua ningesema bahari. Lakini mtu akiujua msitu ule ataona kwa nini mzazi hawezi kuridhika. Miti hufunga juu ya bati la ndege lililopasuka katika muda mfupi, miteremko ni mikali, mvua ya upande wa Karibi haina msimu wa kupumzika, na wanaozijua njia zake ni jamii za Bribri na Cabécar wanaoishi humo. Mwaka 1965 barabara kuu inayopita hifadhi ya Braulio Carrillo, kutoka San José kuelekea Limón, haikuwapo. Ilifunguliwa mwaka 1987. Nazo ndege za wakati huo hazikulazimika kubeba kifaa kinachotuma ishara zenyewe baada ya kuanguka. Marekani yenyewe iliweka sharti hilo kwa sheria ya mwaka 1970.

Makala yenu ingeweza pia kuwakumbusha wasomaji habari ya Star Dust, ndege ya Kiingereza ya injini nne iliyopotea katika milima ya Andes tarehe 2 Agosti 1947 ikiwa na watu 11. Kwa nusu karne watu walizungumza juu ya hujuma, dhahabu na hata viumbe kutoka anga za mbali. Kisha barafu ya mlima Tupungato ikaanza kutoa mabaki yake mwaka 1998, wachunguzi wakafika mwaka 2000, na ikaonekana kwamba marubani, waliokuwa juu ya mawingu, walipunguzwa mwendo na upepo mkali wa mbele bila kujua, wakaanza kushuka wakidhani wamekwisha kuivuka Andes. Waliosimulia miujiza hawakuchangia hata hatua moja katika kuwapata wale 11.

Ninaandika haya kwa sababu kuna ndugu wa wanafunzi wa Córdoba ambao bado wako hai na bado wanauliza. Ninaomba gazeti lichapishe masahihisho yanayoiondoa TC-48 katika orodha ya mafumbo, yaeleze kwamba ilitangaza moto wa injini na kwamba vitu vya waliokuwamo viliokotwa baharini, na yataje msimamo wa familia kuhusu Talamanca kwa uzito ule ule unaopewa msimamo wa jeshi. Mkihitaji msaada wa istilahi za ufundi wa ndege hizo, niko tayari kuutoa.

Wenu,
Fundi mstaafu wa ndege,
Tanga