Kabla ya Ijumaa Kuu

Mwanangu,

Mafundisho yako ya Ijumaa Kuu nimeyasoma mara mbili. Umeandika vizuri, na kigangoni watakusikiliza. Ila ule mstari wa ukurasa wa pili, "Wayahudi walimwua Bwana," ufute. Usiniambie utaufafanua mbele. Watu watakwenda nao nyumbani.

Msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi, na aliyeamuru ni Pilato. Yesu, mama yake, Petro, Paulo, wote Wayahudi. Yohane katika Injili yake anataja "Wayahudi" kama mara 70, na katika Mateso aghalabu anawalenga wakuu wa Yerusalemu. Soma 9:22, uone uchungu wa waliotengwa na sinagogi. Ule ni ugomvi wa ndugu.

Na ndugu hao hawakuachana siku moja. Mwaka 70 Warumi waliteketeza Hekalu, kisha Kaisari Vespasiano akawatoza Wayahudi drakma mbili kwa mwaka, hata kuwa Myahudi au kutokuwa kukawa jambo la kodi. Mwanzoni mwa karne ya 2 askofu Ignasi wa Antiokia tayari anautenga Ukristo na Uyahudi. Baadaye katika karne hiyohiyo askofu Melito wa Sardi, akihubiri Pasaka, anaishtaki Israeli kwa kumwua Mungu. Mstari wako umetoka huko! Lakini waumini wa kawaida walikuwa bado wanachangamana: mwaka 386 padre Yohane Krisostomo aliwashambulia Wayahudi vikali mimbarani Antiokia kwa kuwa Wakristo wake walikuwa wanakwenda sikukuu za sinagogi.

Kilichoharibu ni hiki: maneno ya kikundi kidogo kilichofukuzwa yalikuja kusomwa na Kanisa lenye dola upande wake. Mwaka 388 Wakristo walichoma sinagogi la Callinicum, mji wa kando ya mto Frati. Kaisari Theodosio alitaka askofu wa pale alijenge upya, Ambrosi, askofu wa Milano, akamzuia. Mwaka 1096 Wayahudi wa Worms na Mainz, huko Ujerumani, waliuawa na watu waliovaa msalaba, wa ile vita ya msalaba ya kwanza. Ndiyo maana nakuandama kwa mstari mmoja.

Najua hukuuokota njiani. Jioni za Kwaresima nani alikuwa akisimulia? Basi, ufute.

Kabla ya somo la Mateso sema sentensi mbili tu: "Wayahudi" hapa ni wakuu wachache, si taifa zima, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa kosa la Wayahudi wote wa wakati ule wala la wa leo. Tunapoitikia "Asulubiwe!" usiwaache watu wakadhani wanaigiza wengine. Sala ya sita, ya kuwaombea Wayahudi, usiiruke kwa haraka ya mvua. Ukitaka Paulo, chukua Warumi 11, tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa: shina ndilo linalolichukua tawi. Hapo pafundishe taratibu, maana una kawaida ya kukimbia pazuri.

Masika yameanza na bati la jikoni linavuja. Fundi anataka nusu ya fedha kwanza, sijampa. Ukija, pitia dukani uchukue nusu kilo ya misumari ya bati, yenye kofia. Mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja hanyonyi vizuri. Koti lako la mvua umeliacha mlangoni, nitalituma na baba mdogo.

Ukurasa wa pili nitumie tena kabla ya Jumatano.

Mama yako