Muuguzi amsikize mgonjwa wa saratani kabla ya kumtia dripu

Mhariri,

Wapo wagonjwa wa saratani huku Malindi wanaoanza kutapika wakiona tu lango la hospitali, dawa ya kemo, ile ya kuua seli za saratani, haijaingia mwilini. Jamaa hunong'onezana kwamba mgonjwa amekata tamaa, au kuna mkono wa mtu. Sivyo. Ubongo umefungamanisha harufu ya wadi na kichefuchefu cha awamu za kemo zilizopita, na mwili unatangulia. Kinga ni kuzuia kutapika tangu awamu ya kwanza: dawa za kichefuchefu zitolewe kabla ya kemo, na za kumeza nyumbani zimalizwe kama zilivyoandikwa hata mgonjwa akijiona mzima. Hali hiyo ikishazoeleka, dawa hizo peke yake hazifui dafu. Hapo afundishwe kulegeza misuli, kuanzia vidole vya miguu hadi usoni, na kupumua taratibu: kuvuta hewa kwa hesabu ya nne, kuitoa kwa hesabu ya sita. Afanye hivyo kila siku nyumbani, kwani anayejaribu mara ya kwanza sindano ikiwa mkononi hafaidiki sana. Daktari naye anaweza kumwandikia lorazepamu kidogo, dawa ya kutuliza wasiwasi, ameze usiku wa kuamkia dawa.

Tunachoomba ni dakika kumi za faragha kabla ya mshipa kutafutwa. Muuguzi amwombe mgonjwa ataje namba, 0 hadi 10, ya jinsi alivyoelemewa wiki hiyo. Ikiwa 4 au zaidi, aulize kinachomlemea, maana pengine ni nauli. Mgonjwa wa kisiwani Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, ndipo apande gari, na awamu nyingi hurudiwa kila siku 21. Huyo amwone afisa wa ustawi wa jamii. Tembe za usingizi hazitamlipia safari. Jamaa waombwe kwa heshima wapishe kidogo. Mbele ya mume au mwanawe, mama wa kwetu atajibu "alhamdulillahi, sijambo" hata kama hajalala siku tatu. Na akisema heri afe, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, na aonwe na mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo.

Hofu nyingine huisha kwa kuambiwa mapema. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemo, hufanya mkojo uwe mwekundu siku moja au mbili. Asiyejua hudhani anatoka damu. Nywele huanza kuanguka wiki ya pili au ya tatu. Deksamethasoni, mojawapo ya dawa za kuzuia kichefuchefu, hufukuza usingizi na kuleta hamaki, basi tembe zake za nyumbani zimezwe asubuhi. Lakini joto la mwili likifika nyuzi 38, usiku au mchana, mgonjwa akimbizwe hospitali.

Kaunti za Kilifi na Lamu zisingoje jengo jipya. Waanze na pazia, viti viwili, muuguzi mmoja aliyefunzwa, na simu ya kumjulia hali mgonjwa siku ya tatu baada ya dawa.

Wauguzi wa saratani,
Malindi