Shukrani kwa mama wa kivuko cha Kigamboni

Mama yangu uliyekuwa na kapu la samaki wa Feri miguuni, sikukuuliza jina. Jioni ile kivuko kilijaa, ndiyo kwanza tumeondoka Magogoni, na moyo ulikuwa unanienda mbio kama mtu anayekimbizwa. Vidole vimekufa ganzi. Niliamini kabisa nakufa.

Ulinishika kiganja bila kunihoji. "Mwanangu, usivute pumzi kwa nguvu. Itoe kwanza, polepole, kama unapuliza chai." Ukaniambia nizisikie nyayo zangu juu ya chuma cha sakafu, nilegeze taya, nishushe mabega. Sikujua kama mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio! Ukahesabu pamoja nami: nne kuvuta, sita kutoa. Tulipofika ng'ambo mikono ilikuwa imeacha kutetemeka.

Nilikwenda kupimwa moyo (na yeyote anayepatwa na hali hii mara ya kwanza naomba aende), ukaonekana mzima. Daktari akanieleza kwamba tunapotoa pumzi taratibu, neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo kasi. Wewe ulinifundisha hilo bila kitabu, katikati ya honi na watu.

Siku hizi kila jioni nakaa barazani dakika 10, simu naiacha ndani, naisikiliza pumzi yangu. Ukiniona tena kivukoni, mama, nishike mkono. Nina deni la shikamoo ambayo siku ile sikuweza kuitamka.